Nilimwita Muuza Makaa Shetani

Ngo!

Ngo! Ngo!

Niliisikia kabla sijafungua macho. Nilikuwa nimelala sakafuni kando ya jiko, mdomo umekauka, kichwa kizito kama gunia la makaa. Sauti ilikuwa inatoka ukutani.

Nikajua ni Bibi.

Ndiyo, Bibi. Tulimzika wiki tano kabla ya siku hiyo.

"Mama..." niliita. Sauti haikutoka.

Ngo! Ngo!

Halafu... CHWAAA!

Vioo vilimwagika juu ya blanketi langu. Baridi ya Desemba ikaingia ndani kama mbwa mwenye njaa. Nikafungua jicho moja. Nikaona shoka. Nyuma ya shoka, uso mweusi kwa vumbi la makaa, ndevu zimeganda barafu.

Mzee Osmonaly!

Mtu niliyemwita shetani mbele ya bonde zima.

Akainua shoka, akapiga dirisha la pili. CHWAAA! Kisha nikasikia mlango ukipigwa teke, mara moja, mara mbili, komeo likang'oka.

Nikataka kuinuka nimlinde Mama. Miguu ikakataa. Nikatambaa kidogo, nikaanguka kifudifudi. Mama alikuwa kwenye godoro lake, midomo myekundu kama ya bibi harusi. Hakutikisika.

"Usimguse!" nilinong'ona. "Usimguse mama yangu, muuaji wewe!"

Mzee Osmonaly akanitazama. Jamani... ule mtazamo ninao mpaka leo.

"Muuaji?" akasema. "Pumua kwanza, ndipo unitukane."

Akanikamata miguu yote miwili, akaniburuta hadi nje kwenye theluji kama ndama aliyezaliwa mfu.

Ngoja niwasimulie tulifikaje hapo. Na ninawaomba kitu kimoja: msinihurumie mapema. Someni hadi mwisho kwanza.

Naitwa Bektemir. Nina miaka ishirini na tatu, fundi wa gereji hapa Kochkor, bondeni kwetu milimani. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na watu watatu: mimi, Mama anayepika shuleni, na Bibi, mama yake baba.

Mimi ndiye mwanaume wa nyumba. Hilo nilipenda kulisema. Nililisema mno.

Mwezi wa Oktoba nilikwenda kununua makaa ya mawe. Kila mtu hapa hununua mwezi huo, kabla barabara ya mgodini haijafungwa na theluji. Malori husimama kwa mstari nyuma ya soko. Upande huu makaa ya mabonge, upande ule vumbi la bei rahisi, na pembeni mafungu ya vijiti vya kuwashia.

Kuna wauzaji wanaoyamwagia makaa maji ili yawe mazito. Wengine huficha mawe chini ya gunia. Mimi sikubali kuchezewa. Nilifika kwenye lori la Mzee Osmonaly, nikachukua bonge, nikaligonga kwa nyundo. Nikalinusa. Nikalipandisha juani nione kama linang'aa. Nikachukua lingine.

"Kijana," akasema mzee, "unanunua makaa au unachumbia?"

Watu wakacheka. Damu ikanichemka.

"Nachagua," nikamjibu. "Maana wengine humu huuza mlima mzima na kuuita makaa."

"Basi chagua. Ila usilibusu. Lina mwenyewe, ni jiko."

Wakacheka tena. Nikanunua kwake hata hivyo, kwa sababu makaa yake yalikuwa mazuri kuliko ya wote. Yalilia kama sahani ukiyagonga. Nikachukua tani mbili na mafungu kumi ya vijiti.

Wakati wa kupakua nyumbani kwetu, mzee alisimama mlangoni akalitazama jiko letu. Ni jiko la zamani la matofali, alilijenga Babu mwenyewe, katikati ya vyumba viwili. Juu yake, kwenye bomba la moshi, kuna bamba la chuma la kuvuta na kusukuma. Ukilivuta, moshi unatoka. Ukilisukuma, linaziba bomba na joto linabaki ndani.

"Makaa haya yana nguvu," alisema. "Usisukume bamba mapema. Ukiona miali ya buluu bado inacheza juu ya makaa, liache wazi."

"Ili joto lote liende mbinguni?"

"Liende tu."

"Na makaa yaishe Januari, nirudi kwako na tani nyingine? Mzee, biashara unaijua!"

Alipangusa mikono, akapanda lori lake, akaondoka.

Nilicheka siku nzima.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipofanya jambo ambalo kila nikifumba macho naliona.

Bamba la Babu lilikuwa na tundu katikati. Tundu la duara, ukubwa wa sarafu. Nikaona limechakaa, limetobolewa na kutu. Nikasema, kumbe ndiyo maana nyumba hii haikai na joto! Nikaenda gereji, nikakata bamba jipya la chuma, zito, zuri, limenyooka. Nikalichomeka mahali pake.

Mama akauliza, "Lile la mwanzo lina ubaya gani?"

"Lina tundu, Mama. Tunapasha joto ndege wa angani!"

Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu ana akili kama babu yake," akasema.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ikawa ya moto kuliko zote mtaani. Nawasha asubuhi, makaa yakishika, nasukuma bamba, naenda kazini. Mchana narudi kula, naongeza makaa, nasukuma tena. Majirani wanaingia wanavua makoti. Nilitembea kifua mbele kama jogoo.

Wiki ya pili Bibi akaanza kumsikia Babu.

Ilikuwa mchana, tunakula tambi na nyama. Bibi akaweka kijiko chini.

"Anapasua kuni," akasema.

"Nani, Bibi?"

"Babu yako. Hamsikii? Yuko nyuma ya nyumba. Ngo... ngo... ngo..."

Mama akanitazama. Babu alikufa miaka kumi na minne iliyopita.

"Bibi, nje hakuna mtu."

"Wewe una masikio ya kijana. Hayasikii mambo ya maana."

Tangu hapo ikawa kila siku. Wakati mwingine alimjibu. Unamkuta kando ya jiko, kwenye kitanda chake cha chini, anaongea taratibu kama anayezungumza na mtu aliyeketi miguuni pake. "Nakuja, nakuja. Mbona una haraka hivyo? Ulikuwa hivyo hivyo hata siku ya harusi."

Na vichwa vikaanza kutuuma sote. Mama alikuwa anatapika asubuhi. Akienda shuleni, anapona. Akirudi, kichefuchefu kinarudi. Mimi pia: gereji niko mzima, nikifika nyumbani, mapigo ndani ya kichwa, tu-tu-tu.

Nje tunapona, ndani tunaugua.

Sisi tulisema: nyumba ina kitu.

Ijumaa moja mwezi wa Novemba, nilirudi mchana kama kawaida. Mama alikuwa kazini. Nilimpa Bibi chai ya maziwa, nikajaza makaa, nikasukuma bamba.

Alikuwa amejikunja chini ya blanketi lake jekundu. Akanishika mkono.

"Leo joto limefika mpaka kwenye mifupa," akasema. "Mungu akupe maisha marefu, mjukuu wangu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Mama alimkuta saa kumi. Mashavu yana rangi, uso umetulia. Kila aliyekuja kuaga alisema jambo moja: kifo kizuri kilioje! Miaka themanini na moja, usingizini, mumewe amekuja kumchukua. Tulichinja farasi, kama desturi yetu ya msiba. Mtaa mzima ulikula.

Nilijivunia hata kifo chake. Niliwaambia watu, "Walau alikufa akiwa na joto."

Nilisema hivyo! Kwa mdomo wangu huu!

Baada ya mazishi tukadhani sauti zitaisha. Zikazidi. Sasa nilizisikia mimi mwenyewe. Ngo... ngo... ukutani. Mara nyayo za mtu anayeburuta miguu, kama Bibi alivyokuwa akiburuta yake kwenda kuchungulia sufuria. Mara nasikia jina langu limeitwa, nageuka, hakuna mtu, blanketi jekundu tu limekunjwa pale kitandani.

Mama akawa anapakua sahani tatu.

"Mama, tuko wawili."

"Najua," anajibu. Ila anaiacha sahani ya tatu palepale.

Kila Alhamisi tulikaanga boorsok, vile viandazi vidogo, ili harufu ya mafuta iwafikie marehemu wetu, tukamsomea Bibi Kurani. Haikusaidia.

Jirani yetu, dada Burul, akaja kutuona. Ni mwanamke wa makamo, ana jibu la kila kitu.

"Bibi yenu hajatulia," akasema akitazama dari. "Kuna kitu mmekiingiza humu ndani."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Mmenunua nini mwaka huu?"

Macho yangu yakaenda kwenye fungu la vijiti kando ya jiko.

Juu ya bonde letu kuna chemchemi, na pale kuna miti mitakatifu. Watu wenye shida huenda kuomba na kufunga vitambaa matawini. Miti ile haikatwi. Hata tawi likianguka lenyewe, halichomwi. Mtoto mdogo wa hapa anajua hilo.

Fungu lile la vijiti lilikuwa limefungwa kwa kitambaa. Kitambaa chembamba, chenye maua ya buluu.

Nywele zikanisimama.

Sikungoja hata chai. Nilibeba fungu lile hadi sokoni, moja kwa moja kwenye lori la Mzee Osmonaly, watu wamejaa.

"Kuni hizi umekata wapi?" nikafoka.

"Shikamoo kwanza," akasema.

"Nimekuuliza umekata wapi!"

"Mitini. Ulidhani zinafumwa?"

Nikamtupia kile kitambaa kifuani. "Na hiki? Umekata miti ya chemchemi! Umetuuzia kuni za wafu! Bibi yangu hapumziki kaburini kwa sababu yako!"

Watu wakasogea karibu. Mzee akakiokota, akakitazama, akacheka kwa mshangao.

"Hili ni shuka la mke wangu Kalipa! Huwa anachana mashuka makuukuu anafungia vijiti. Ingia nyumbani kwangu, kipande kingine kiko jikoni, tunafutia masufuria!"

"Mwongo!"

"Kijana, bibi yako nilimfahamu kabla mama yako hajamfahamu. Mungu amrehemu. Lakini nenda kalale, macho yako mekundu. Una homa."

Kuniambia hivyo mbele ya watu! Mimi!

Sasa, mjue kwamba mimi ni mtunzi wa mashairi. Mistari huwa inanijia yenyewe, na hasira ikiingia ndiyo kabisa. Nilisimama pale pale juu ya gunia lake la makaa, simu mkononi, nikajirekodi video na kuirusha mtandaoni:

*Muuza kuni shetani, mti wa wafu kakata,*
*Kauleta majumbani, laana tumeipata,*
*Bibi hapati amani, kila siku anapita,*
*Asiuze asilani, mwacheni aje kujuta!*

Kufikia jioni bonde lote lilikuwa limeiona. Watoto waliiimba wakienda shule. Watu niliosoma nao waliniandikia kutoka mji mkuu, Bishkek: "Bek, umemmaliza mzee!"

Na kweli nilimmaliza.

Lori lake lilisimama siku kumi na nane bila mteja. Kuna mtu alilitoboa magurudumu. Mkewe Kalipa akienda kununua mkate, wanawake wanahama foleni. Halafu ikaja mbaya kuliko zote. Binti yao alikuwa ameshavishwa hereni za uchumba. Wakwe wakaja mchana kweupe, wakakaa, wakakataa hata chai, wakaomba hereni zao. Binti akazivua mwenyewe, akawapa mkononi.

Nilisikia habari hizo nikiwa gereji. Nikasema, "Laana inarudi kwa mwenyewe."

Na nyumbani, ngo... ngo... ngo...

Alhamisi ile ya Desemba dada Burul alikuja na matawi makavu ya archa. Ni dawa yetu ya zamani. Moshi wake una harufu ya mlimani, na pepo hawauwezi. Kwa kawaida huwekwa kwenye kikaango, unazunguka nyumba nzima ukiomba.

"Kikaango hakitoshi kwa huyu," akasema. "Wekeni ndani ya jiko, juu ya makaa yaliyoiva. Sukumeni bamba moshi urudi ndani. Fungeni madirisha, zibeni chini ya mlango kwa matambara. Mkae humo mpaka archa yote iishe. Mtakohoa, vumilieni. Anayekohoa zaidi ndiye aliyekaliwa na pepo."

Akaenda zake kupika.

Mama alisita. "Mwanangu, moshi wote huo..."

"Mama, unataka Bibi atangetange mpaka lini?"

Akaziba mlango kwa taulo. Nami nikajaza jiko makaa mpaka juu, nikaweka archa, nikasukuma bamba langu zuri lisilo na tundu. Likaingia sawasawa. Halikuacha hata upenyo wa unywele.

Tukakaa. Moshi ukaja, mtamu, mweupe. Nikasoma dua. Mama akasinzia. Nikamwona Bibi ameketi kitandani kwake, anakunja blanketi jekundu. Nikamwambia, "Bibi, nenda sasa." Akanitazama kama mtu anayetaka kusema kitu na hapati nafasi.

Halafu sikumbuki.

Ngo! Ngo! Ngo!

Mengine mmeshayasoma.

Nilipopata fahamu nilikuwa kwenye theluji, natapika. Mzee Osmonaly alikuwa amemlaza Mama juu ya koti lake mwenyewe, anampiga makofi mashavuni na kumwita.

"Pumua! Pumua, mama we! Usinifie mikononi, wataniimbia wimbo mwingine!"

Mama akavuta pumzi. Sauti yake ilikuwa kama nguo inayochanika.

Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

Majirani wakaja mbio. Mmoja akamrukia mzee, akampokonya shoka. "Umewafanya nini?"

"Niacheni, ingieni mkafungue lile bamba!" akafoka. "Na msikae ndani!"

Nikamuuliza, meno yanagongana, "Ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kukuvunja meno," akasema. "Binti yangu hajala siku tatu. Nilipofika nikaona dohani haitoi moshi, na madirisha yanatoka jasho. Nyumba yenye moto na haina moshi! Nikachukua shoka lenu la kuni, nikagonga ukuta, nikagonga, hamjibu. Nikasema basi, nivunje madirisha kwanza, meno baadaye."

Halafu akaingia ndani, uso amefunika kwa skafu. Akatoka na bamba langu kalishika kwa koleo, bado linafuka. Akaligeuza upande huu, akaligeuza upande ule.

"Tundu liko wapi?" akauliza.

Nikafuta matapishi mdomoni.

"Babu yako alitoboa tundu. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemshikia nyundo. Liko wapi?"

"Nilidhani ni kutu," nikasema.

Mzee Osmonaly akakaa chini kwenye theluji. Akakaa hapo hapo, bamba miguuni, mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka. Alituwekea hewa puani, akauliza maswali huku anaandika.

"Maumivu ya kichwa?"

"Ndiyo."

"Kusikia sauti? Kuona watu?"

Nikashtuka. "Umejuaje?"

"Hewa yenye sumu ya makaa," akasema. "Haina harufu wala rangi. Ikikukuta kidogo kidogo kila siku, ubongo unaanza kukuletea wageni. Nani husukuma bamba nyumbani?"

"Mimi."

"Tangu lini bomba linazibwa kabisa?"

"Oktoba."

Aliandika. Bila kuinua kichwa, akauliza swali ambalo kwake lilikuwa la kujaza fomu tu.

"Ni watu wangapi mnaoishi humo?"

"Wawi..." Nikakwama. "Tulikuwa watatu."

Kalamu ikasimama.

Nikageuka kumtazama Mama kwenye kitanda cha pili. Alikuwa ameshaelewa. Nilimwona akielewa. Akageuka taratibu, akaelekeza uso ukutani.

Hakuna aliyekuja kumchukua Bibi, ndugu zangu. Hakuna mumewe aliyepasua kuni. Nilikuwa mimi, na makaa yaliyojaa, na bamba jipya, na mkono wake juu ya mkono wangu akiniombea maisha marefu.

Sasa sauti zimekoma.

Madirisha tumeweka mapya. Nilichimbua bamba la Babu kutoka kwenye vyuma chakavu gereji, nikalirudisha, tundu lake lipitishe sumu nje. Vichwa havituumi. Ukuta umenyamaza kabisa.

Na huo ukimya... jamani, huo ukimya ndio unaonila.

Kuna siku nakaa kando ya jiko mchana kutwa natega sikio. Naomba nisikie ngo moja tu. Nyayo mbili tu. Kwa sababu kama kulikuwa na mzimu, basi mimi sikumuua mtu. Naombea nyumba yangu iwe na mzimu! Mmewahi kuona mtu wa namna hiyo?

Mama hajanilaumu hata mara moja. Ananipakulia, ananifulia, ananiuliza kama nimeshiba. Sahani ya tatu ameacha kuiweka. Laiti angenitukana.

Mnaosoma hapa, wenye majiko ya makaa na msio nayo, chukueni hili: kabla hujamtafuta mchawi, angalia mkono wako mwenyewe ulifanya nini. Na aliyekuonya ukamcheka, usidhani amekosea kwa sababu wewe ulichekesha watu.

Wiki iliyopita nilinunua kondoo, nikampeleka kwa Mzee Osmonaly kuomba msamaha, kama desturi ilivyo. Nilimkuta uani, anapondaponda mabonge yaliyogandana kwa barafu.

"Mzee, nimekuja..."

"Nimekuona. Na huyo mwenzako mwenye sufu ni nani?"

"Ni wako. Wa msamaha."

"Mrudishe kwao, analia. Simli mnyama aliyeletwa na mtu anayelia kuliko yeye."

Kweli nilikuwa nalia. Nikajipangusa kwa mkono wa koti.

"Nimeifuta ile video," nikasema. "Nitatunga nyingine ya kukusafisha. Nimekwenda kwa wakwe wa binti yako, nimewaeleza. Walinisikiliza, wakanifungia mlango. Hereni hawajarudisha."

"Najua. Hawatarudisha." Alipiga bonge, likapasuka vipande vinne. "Binti yangu anasema sasa hata wakizileta, atazitupa mtoni. Ana kichwa kigumu. Amefanana na wewe."

"Nikutungie video, basi."

"Watacheka. Watasema, huyu kijana jana alimponda, leo anamsifu, kesho atamsifu nani?" Akaegemea shoka. "Unajua watu wangapi wamenunua kwangu Oktoba? Nyumba mia moja na kumi. Unajua wangapi nimewaambia wasisukume bamba mapema? Wote. Unajua walinijibu nini?"

Nilijua. Nilitazama chini.

"Wanasema mzee anataka makaa yaishe upesi," akasema. "Muuzaji akikuambia choma zaidi, nani atamwamini? Hata malaika akiuza makaa hataaminiwa."

"Basi nitawaambia mimi. Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Utawaambia nini?"

"Wafungue mabamba. Watoboe matundu."

"Watakuambia wewe ni mtoto. Watakupa chai, ukitoka wanasukuma. Wewe mwenyewe ungefanya nini?"

"Ningesukuma," nikasema.

"Enhe. Sasa, utawaambia nini?"

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye maneno hayajawahi kunipungukia sokoni, nikakosa hata moja. Mkewe Kalipa alikuwa ametoka na ndoo, amesimama mlangoni ananitazama.

"Sema," mzee akaniambia, taratibu. "Ukishindwa kulisema hapa uani kwangu, huko hutaliweza."

Nikamtazama usoni, nikasema kwa sauti ili na mkewe asikie:

"Nakuahidi, mzee. Nyumba zote mia moja na kumi. Nitavua viatu, nitakaa kando ya jiko lao, na kabla hawajanipa chai nitawaambia: naitwa Bektemir, nilimuua bibi yangu kwa mkono huu, mchana, huku akiniombea dua. Nitaanza leo."